Madamu Aliyekataa Poda

Kazi yangu ni vichwa vya watu, lakini kwa nje. Kazi ya Madamu ilikuwa vichwa hivyohivyo kwa ndani, na kwa miaka yote aliyokuja kusukwa kwangu hatukuacha kutaniana juu ya jambo hilo. Nilimwambia kwamba mteja wangu mimi, angalau, huondoka na kitu kinachoonekana. Yeye alinijibu kwamba nywele huota hata bila mimi.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Murara, na uzio wa mbao tu uliitenga nyumba yake na ya kwetu. Goma walimu wa kike wote huitwa Madamu, ila mtaani kwetu ukisema Madamu bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni yeye. Watu wazima, akishapita, walimwita Mwanafunzi, wakacheka. Maana yeye, na umri wake ule, alikuwa bado anasoma. Alitafuta shahada ya uzamili, masteri tunavyosema sisi, ya kufundisha watoto wenye akili nyingi na vipaji, wale aliowaita kwa kifupi watoto wepesi. Alianza kuitafuta nikiwa darasa la tano, na leo nina watoto wanaonizidi kimo.

Sababu yake aliieleza kwa maneno machache, na aliyarudia hata kwa muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, ambaye hakumwuliza kitu.

"Mutoto wa nyuma tunamungojea," alisema. "Ule wa mbele, nani anamufuata?"

Alikuwa amewaona. Darasa zima linahangaika na hesabu ubaoni, na mmoja kule pembeni amekwisha kumaliza, amechoka, anamchokoza jirani yake, anachapwa, na mwaka unaofuata haonekani tena. Madamu alisema mtoto wa namna hiyo anapotea mbele ya macho ya mwalimu, na mwalimu ndiye anayemfungulia mlango. Basi akaenda kujiandikisha katika chuo kimoja ng'ambo ya ziwa, upande wa Bukavu. Kila likizo alipanda meli na chupa yake ya chai, akaenda kusoma na vijana waliomwamkia kama mama yao. Profesa wake alimpa sharti moja: awafuate watoto wepesi pamoja na watoto wa kawaida kwa miaka miwili ya shule mfululizo, watoto walewale, kisha aandike memwari, kile kitabu cha kumalizia masomo, aje kukitetea mbele ya jiri ya walimu.

Watoto walewale kwa miaka miwili. Mahali pengine sharti hilo lingekuwa jepesi. Hapa Goma lilimla umri.

Kwanza ilibidi awapate. Wakati ule waasi ndio waliotawala mji, na Madamu alizunguka nyumba kwa nyumba na kalamu sikioni, akiuliza kama kuna mtoto mwepesi sana, anayejua mambo kabla hajafundishwa. Fikiria mama wa Goma anaulizwa swali hilo katika siku hizo. Nusu ya mtaa ilidhani anatafuta vijana wa kupelekwa porini kubeba bunduki. Nusu nyingine ilidhani anatafuta wachawi, maana mtoto anayejua kabla ya kufundishwa, nani amemfundisha? Milango ilifungwa. Watoto walioimba jedwali la kuzidisha kila asubuhi wakawa mabubu ghafla. Mama mmoja aliyetoka Masisi, aliyefuga mbuzi nyuma ya nyumba, alimwapia kwa jina la Yesu.

"Huyu wangu ni mujinga kabisa, Madamu. Ata mbuzi hajue kuhesabia. Tuko na tano tu, na bado anashindwa."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Iko sita, mama. Na ule mukubwa akizala mbili, itakuwa munane."

Hivyo ndivyo alivyopatikana msichana wa mbuzi, ambaye Madamu alimpenda kuliko wote, ingawa alikataa hilo mpaka mwisho. Wengine wachache walipatikana kwa njia kama hiyo, kwa kushindwa kunyamaza.

Nami nilichaguliwa, ila nisijisifu bure. Profesa alitaka pia watoto wa kulinganisha nao, wasio wa mbele wala wa nyuma. Madamu alikuja kwetu akamwambia mama yangu bila kupepesa: "Mama, huyu wako iko wa kawaida kabisa. Na mimi namuhitaji." Mama alisikia neno la mwisho tu. Siku ile tulichinja kuku.

Kila Jumamosi tulikutana uani kwake, kwenye benchi mbili za mbao, wepesi na wa kawaida tumechanganyika. Hakutufundisha kitu. Aliuliza maswali, akatuachia. Kwa nini moshi wa mlima wa moto unaelekea upande wa Sake na mawingu yanakwenda kwingine? Foleni ya maji ikiwa na mabomba mawili, utajuaje lipi litakufikia mapema? Mimi nilisema moshi unakwenda Sake kwa sababu ndiko unakotaka. Alisema "vizuri" na akaandika. Msichana wa mbuzi hakujibu, aliuliza kama kuna upepo mmoja au pepo mbili, moja juu ya nyingine. Madamu alisema "vizuri" na akaandika. Neno lilikuwa lilelile, lakini mimi niliona uso wake, na tangu siku hiyo nilijua tofauti yetu bila kuambiwa.

Msidhani alikuwa mpole kwao. Aliwatetea wepesi kwa walimu wenzake kama simba jike, kisha uani akawafagilisha wao tu. Aliyejisifu kwamba amemaliza wa kwanza alipewa ufagio. Yeye mwenyewe hakuwa mwepesi hata kidogo. Alisoma ukurasa mara mbili, mara tatu, midomo ikitembea. Sokoni aliihesabu chenji yake polepole mpaka watu walio nyuma wakaguna. Nilipomkumbusha siku moja kwamba mtaalamu wa akili nyingi anapaswa kuwa na haraka kidogo, alijipiga kichwa na kifundo cha kidole.

"Hapa ni jiwe," alisema. "Kwa hiyo najua bei ya kile bengine bamepewa bure."

Siku ya kutangaza matokeo, mwisho wa mwaka, direkteri, yaani mwalimu mkuu, husoma nafasi mbele ya wazazi, kuanzia wa kwanza hadi wa mkia. Madamu alikuwa na kawaida ya kutoka nje wale wa kwanza wanaposhangiliwa, kunywa maji, na kurudi wanapofikiwa wa mwisho. Aliwakazia macho hao. Alisema huko mkiani mara nyingi kuna mmoja anayelala tu kwa kuchoshwa na sisi.

Na ilikuwapo shughuli ya poda. Asiyejua mji wetu ajue hivi: matokeo ya mtihani wa taifa yakitoka, waliofaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani, ile ya watoto wachanga, wakapita barabarani wakiimba, na kila anayewaona anajua hawa wamepita. Hata wanaomaliza chuo siku hizi hufanyiwa hivyo. Madamu alikuwa na wanafunzi wa zamani karibu katika kila kundi, na kila mwaka walimvamia kwenye mlango wake na makopo. Kila mwaka aliruka nyuma, akafunika kichwa kwa mikono.

"Bado, bado! Yangu itakuya."

Mama yangu alimtania kwamba mvumilivu hula mbivu, lakini hii yake itaozea mtini. Madamu alicheka kwa adabu, kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

Mwaka wa kwanza wa Jumamosi zetu ulikwisha, wa pili ukawa unakwenda vizuri, ndipo mlima ukapasuka. Tulikimbia kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na mji mzima, magodoro vichwani, nyuma yetu moto ukishuka barabarani. Karibu na mpaka nilimwona Madamu. Watu wote walikuwa wanakwenda, yeye peke yake alikuwa amesimama juu ya gunia la mtu, anaita majina. Nilimpigia kelele. Aliruka chini, akanishika mabega kwa nguvu, na kwa kitambo kidogo nilifurahi, niliamini ni mimi aliyekuwa ananitafuta. Kisha akatazama juu ya kichwa changu.

"Bale bengine bako wapi?"

Sikujua. Aliniachia akapanda tena kwenye gunia. Hilo liliniuma, na sitasema uongo, liliniuma kwa miaka. Nilikuwa mtoto aliyekimbia moto, na mtu niliyempenda alinitazama kama mlango wa kupitia.

Msichana wa mbuzi na wazazi wake walirudi Masisi. Wengine walichukuliwa na ndugu zao Kigali, Butembo, popote. Madamu alirudi Murara, akakuta nyumba yake imezikwa chini ya mawe meusi, akajenga ya mbao juu yake, palepale. "Nalala juu ya bati yangu," aliwaambia wageni. Akatengeneza benchi nyingine mbili, akazitoa uani kila Jumamosi kama zamani. Mara nyingi nilimkuta ameketi kwenye moja, anaitazama nyingine, chai imepoa kikombeni. Nilikaa naye, mtoto wa kawaida asiye na wa kulinganishwa naye. Hakuniuliza maswali tena. Tulitazama moshi.

Profesa alimwambia aanze upya, na akaanza. Sasa mji ulikuwa umejaa mashirika ya misaada, na Madamu alipotokea na kalamu sikioni watu hawakumkimbia, walimkimbilia. Walidhani anaandika watoto wa kupewa unga na turubai. Kila mama alimleta mtoto wake aliyedhoofika zaidi, na wale wachangamfu walifundishwa kuzubaa.

"Huyu wangu hasikie kintu, Madamu, ata jina yake anasahau. Muandike wa kwanza!"

Na mtoto, maskini, amefinywa mgongoni ili akae kimya, macho yake yanamaliza kusoma kila neno kwenye mfuko wa Madamu. Alirudi nyumbani akanieleza huku akicheka mpaka machozi. Vitani wanamficha mwenye akili, kwenye njaa wanamficha mwenye akili, alisema, sasa mimi nitamwona lini? Machozi hayakukoma kicheko kilipokoma.

Nilikua, nikaolewa, nikahamia mtaa wa Himbi, nikafungua saluni chumba cha mbele. Madamu akawa mteja wangu. Alikuja kwa miguu kutoka Murara, akakaa kwenye kiti, na kabla sijashika kitana alimgeukia mwanamke aliye karibu naye. Kama mwanamke huyo alitoka Masisi, nilijua linalofuata.

"Mama, haukujua kule mutoto mumoja, musichana, wazazi bake walifuga mbuzi, anajua hesabu sana?"

Alisema "mutoto". Msichana yule wakati huo alikuwa mwanamke kama mimi, kama bado alikuwapo. Wengine walisema wamesikia mtu kama huyo yuko kambini Uganda. Wengine walisema Masisi nzima hufuga mbuzi. Madamu alishukuru, akageukia kioo. Mimi nikaendelea kusuka, na kila alipokuja nilikuta weupe umepanda kidogo kutoka masikioni.

Kulikusanya kundi la pili kulimchukua miaka mingi, nalo likakaribia sana kumaliza. Zilibaki wiki za mitihani tu, waasi wengine wakashuka kutoka Rutshuru, shule zikajaa wakimbizi waliolala juu ya madawati, na familia za mjini nazo zikatawanyika. Waasi wale waliingia mjini, kisha wakatoka. Watoto waliokimbia hawakurudi. Akaanza kundi la tatu, na mlima ukapasuka tena, tukaamriwa kuhama, tukalala barabara ya Sake na mvua. Safari hiyo nyumba ya juu ya bati haikuguswa, lakini hofu ilikuwa imemwingia. Aliiuza, akapanga chumba upande wa Lac Vert, pembezoni mwa mji, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amesoma kwake. Nilimtembelea huko mara moja. Kulikuwa na sahani moja, kijiko kimoja, na zile benchi mbili zimeshika nafasi yote ya kupita.

Profesa wa kwanza alikuwa amestaafu. Aliyemrithi, kijana wa sauti laini, alimshauri jambo la busara: aache kuwafuata watoto, aandike kwa nini katika mji kama wetu mtoto mwepesi hawezi kufuatwa. Yote yaliyompata yawe ndiyo memwari. Alinisimulia hayo nikiwa nimemsuka upande mmoja wa kichwa. Alipofika kwenye maneno ya profesa alisimama, kitana changu kikaanguka.

"Ile si masteri. Ile ni matanga! Nikae kuandika matanga ya batoto yangu, banipe diplome?"

Akatoka. Alitembea mjini wiki nzima na nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, na hakuna aliyethubutu kumcheka. Ukaidi huo ndio uliomfanya asimame alipokuwa, na ndio uliomfanya abaki peke yake. Miaka ilipita. Siku moja, bila kugeuka kwenye kioo, alisema kwa sauti ndogo, "Nimeanza ile ya matanga." Nikasema ni vizuri, nikaendelea kusuka.

Mara ya mwisho nilipomwona ni baada ya waasi kuuchukua mji tena. Milio ya bunduki ilikuwa imenyamaza kwa siku kadhaa, lakini watu waliogopa kutoka. Meli hazikuvuka kwenda Bukavu. Sikuwa nimemsuka mtu tangu vita vifike, nilifungua mlango wa saluni kwa mazoea tu. Madamu aliingia asubuhi, vumbi mpaka magotini. Alikuwa ametembea kutoka Lac Vert, na blauzi yake nzuri ilikuwa imekunjwa ndani ya mfuko isichafuke.

"Sola yako inatumika?"

"Inatumika, Madamu."

"Jiri iko tayari leo saa sita. Balisema nitetee kwa simu. Kule kwangu hakuna moto wa umeme wa kuijaza." Akakaa kwenye kiti. "Kwanza unisuke."

"Lakini ni sauti tu, Madamu. Habatakuona."

"Mimi nitajiona."

Nikamsuka. Hakuna nywele nyeusi iliyobaki kichwani kwake, hata moja. Saa ilipofika alisimama mbele ya kioo na blauzi yake, nami nikaishika simu karibu na mdomo wake, kwa sababu yeye alitaka mikono yake iwe huru, kama mwalimu ubaoni. Walizungumza Kifaransa, nami nilifuata vya kutosha. Aliongea polepole, kila jambo mara mbili. Mtandao ulikatika, tukapiga tena. Alieleza juu ya mama waliowaficha watoto vitani na mama waliowaficha katika njaa. Alisema namna mtoto mwepesi anavyoondoka nyumbani mapema kuliko wengine, maana ndiye anayetumwa mbele. Hakutaja mbuzi. Nilingoja ataje, hakutaja.

Kisha mmoja wa jiri akauliza swali lake. Katika watoto wote wa makundi yote matatu, ni nani bado anajua alipo?

Madamu aliniangalia kwenye kioo. Hakutazama juu ya kichwa changu.

"Mmoja," alisema. "Wa kawaida."

Wakauliza huyo sasa anafanya nini.

"Anashika simu."

Upande wa pili wakasema wanajadiliana, tungoje. Tulingoja tumesimama. Sauti ya yule profesa kijana ikarudi, ikasema amepita, ikasema na hongera, ikaanza kusema kitu kingine na mtandao ukakatika. Nilipiga tena na tena, haukupatikana. Siku nyingine yoyote hapo ndipo wangeingia dada, shemeji, wanafunzi, na nyimbo, na chupa za fanta. Madamu alikaa kwenye kiti akaweka mikono magotini. Niliona kwamba hajui afanye nini na furaha yake.

Nikachukua kopo la poda kwenye rafu, tunalotumia shingoni baada ya kunyoa.

"Na leo utakataa?"

Aliinamisha kichwa. "Weka."

Nilimwaga. Nikatazama kwenye kioo, naye akatazama. Poda ilikuwa juu ya weupe mwingine, na kichwa kilikuwa kilekile kilichoingia asubuhi.

"Haionekane, Madamu."

"Basi ongeza."

Nikaongeza, nikamaliza kopo, mpaka ikamwagika kwenye nyusi na kwenye mabega ya blauzi nzuri. Hapo ikaonekana. Akasimama, hakuipangusa, akatoka hadi kwenye lango la nje na kulifungua. Barabara ya Himbi ilikuwa tupu pande zote mbili. Milango imefungwa, hata pikipiki hakuna. Nilimwambia arudi ndani, si salama.

"Ngoja kidogo," alisema. "Mutu hatakosa kupita."

Nikasimama nyuma yake na kopo tupu mkononi, tukangoja.